Refa Ndiye Aliyependeza: Jinsi Nilivyojifunza Kupata Picha Kali za Mpira wa Kikapu Ukumbini

Picha iliyonifanya nianze kuichunguza kazi yangu kwa dhati ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu yake ya wasichana hapa Dar es Salaam. Alikuwa angani, goti moja limekunjwa, mpira uko kwenye ncha za vidole vya mkono wa kulia, na robo ya nne ilikuwa imebakiza sekunde chache. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera niliiona kuwa bora kuliko picha zote nilizowahi kupiga. Nilipofika nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta na kuikuza, nikakuta uso wake umefifia kama uliochorwa kwa chaki na kisha kupanguswa kwa kiganja, ilhali nyuma yake kabisa, karibu na benchi la wapinzani, mwamuzi alikuwa amesimama na filimbi mdomoni, na mtu angeweza kuhesabu misokoto ya kamba ya filimbi hiyo. Mdogo wangu aliinama juu ya bega langu, akaitazama kwa muda, akasema, "Dada, mbona refa ndiye amependeza kuliko sisi wote?"

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupiga picha za mchezo huo kwa msimu mzima, na sehemu kubwa ya picha zangu hazikuwa kali. Zote nilizipa jina moja: zimetoka na ukungu. Sasa naona kwamba jina hilo lilinipotezea muda na fedha kuliko upungufu wowote wa vifaa, kwa sababu lilinifanya niishi na picha zangu kama tulivyoishi na homa utotoni, pale kila mtoto aliyechemka mwili alipomezeshwa dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Picha inaweza kukosa ukali kwa sababu mkono wa mpiga picha umetikisika, au kwa sababu mchezaji amekwenda mbio kuliko shata, yaani lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie, au lenzi imefokasi, yaani imeweka ukali wake, mahali pengine, au kioo cha lenzi chenyewe kina kasoro, na tiba ya moja kati ya hizo haisaidii nyingine hata kidogo.

Tiba yangu ya kwanza ilikuwa stendi ya miguu mitatu. Nilikuwa nimesoma kwamba stendi huondoa ukungu, nikanunua, nikaibeba hadi ukumbini na kuisimamisha nyuma ya mstari wa mwisho, karibu na kikapu. Haikumaliza robo ya kwanza. Muda wa mapumziko mafupi ulipoombwa, mwamuzi alinijia na kusema kwa upole, "Dada yangu, naomba uondoe hicho kitu, mchezaji akikiangukia tutalaumiana." Alikuwa na haki, kwani kanuni za mchezo huu zinataka nafasi ya angalau mita 2 isiyo na kizuizi kuzunguka uwanja wote, na mtu anayemaliza leyapu, ule mtupo wa kukimbilia kikapu na kuruka karibu nacho, kwa kasi huhitaji hizo mita 2 na nyingine za kuazima. Hata hivyo, picha chache nilizopiga kabla ya kufukuzwa zilikuwa na jambo la ajabu ambalo sikulielewa siku ile. Mistari ya sakafu ilikuwa imenyooka na kukolea, maandishi ya ukutani yalisomeka, wachezaji wa akiba kwenye benchi walionekana hadi nywele, lakini wale kumi waliokuwa wakicheza walikuwa moshi mtupu. Picha zilikuwa zimenipa jibu, nami sikujua kuzisoma.

Kamera yangu ilikuwa Canon 1200D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, ile ambayo huuzwa pamoja na kamera. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Katika ukumbi wetu, nikiwa nimeweka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 1600, spidi ya shata iliyobaki ilikuwa 1/60 ya sekunde. Siku moja nilichukua karatasi na kupiga hesabu ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde, ambayo si mbio za ajabu, husogea sentimita 10 ndani ya 1/60 ya sekunde. Huo ni upana wa kiganja, na huo ni mwili tu. Mkono unaotupa mpira huenda kasi zaidi ya mwili uliobeba mkono huo. Stendi ilikuwa inatuliza mkono wangu mimi, wakati aliyekuwa akitembea kwenye picha alikuwa mtu mwingine. Kwa spidi ya 1/800 mchezaji huyohuyo husogea chini ya sentimita moja, na hapo ndipo jicho hukubali kuwa amesimama.

Kwa hiyo nilihitaji mwanga, au kwa usahihi zaidi, nilihitaji lenzi inayokubali mwanga. Flashi sikuitaka. Ile ya juu ya kamera huwamulika wachezaji machoni wakati wanatafuta ringi, na nguvu zake huisha kabla ya kufika katikati ya uwanja; viongozi wa ligi yetu walikuwa wametuomba tusiitumie, na nadhani hata wasingeomba ningeiacha. Zile flashi kubwa zinazofungwa juu darini katika kumbi za nje ni habari nyingine, lakini hakuna atakayeniruhusu kupanda darini na ngazi. Nilinunua lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8, ya mtumba pia, baada ya kuuza stendi na kuongeza fedha za kazi mbili za harusi.

Ilibaki hofu ya chenga, zile nukta ndogondogo zinazotapakaa kwenye picha ISO ikipandishwa. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba ISO ikizidi 800 picha imeharibika, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nishikilie spidi ndogo kwa muda mrefu hivyo. Nilipoamua kwenda ISO 3200, tundu f/2.2 na shata 1/800, mwanga ulitosha, na chenga zilionekana kwa kweli kwenye sehemu zenye giza, hasa chini ya majukwaa. Lakini picha yenye chenga na macho makali huweza kusafishwa na kuchapishwa kwenye bango, ilhali picha iliyocheza kwa mwendo, hata ningeisafisha usiku kucha, haijawahi kunirudishia macho ya mchezaji. Vipimo hivyo vitatu niliviweka kwa mkono na kuvifunga, kwa sababu nikiiachia kamera ijipimie mwanga, timu ya jezi nyeupe hunifanya nipate picha nyeusi, na timu ya jezi nyeusi hunipa picha zilizooza kwa weupe.

Nilidhani kazi imekwisha. Mechi ya kwanza na lenzi mpya nilirudi na picha zaidi ya mia nne, nikakuta kwamba shata ya 1/800 ilikuwa imegandisha kila kitu vizuri sana, na mwamuzi bado ndiye aliyependeza.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo namwambia kila anayeniuliza siku hizi alifanye kabla ya kununua chochote. Jumapili nzima niliketi mbele ya kompyuta, nikafungua mafaili matatu na kuyaita "zimecheza", "zimekosa" na "sijui", kisha nikaanza kuikuza kila picha hadi ukubwa wake halisi na kujiuliza swali moja: ndani ya picha hii, kitu gani ni kikali? Ikiwa kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, pamoja na mistari ya sakafu na nguzo ya kikapu, ni mkono wangu uliotikisika. Ikiwa kiatu kilicho chini ni kikali, kifua kinakubalika, lakini kiganja na mpira vimefutika, basi spidi haikutosha, hata kama iko juu ya ile niliyozoea. Ikiwa mchezaji mzima amefifia kwa ulaini ulio sawa, bila mistari ya kuvutika, na kuna mtu au kitu kingine mbele au nyuma yake kilicho kikali, basi kamera imefanya kazi yake kwa uaminifu, ila imeifanya mahali nisipotaka. Faili la "zimecheza" lilipata picha chache. Faili la "zimekosa" lilijaa. Faili la "sijui" nitalieleza baadaye, maana lilinipeleka Kariakoo.

Kilichonishtua katika faili la "zimekosa" ni udogo wa nafasi niliyokuwa nayo. Tundu kubwa linaloleta mwanga hupunguza kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, na kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8 kwenye kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo kama yangu, mchezaji aliye umbali wa mita 3 ana kina cha sentimita 8 au 9 tu. Pua ikiwa kali, sikio limekwenda. Akiwa mita 5, kina hufika kama robo ya mita, na akiwa mita 8, zaidi kidogo ya nusu mita. Mchezaji anayekuja moja kwa moja kuelekea kwangu kwa mita 6 kwa sekunde huvuka robo ya mita katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lenzi ya zamani yenye f/5.6 ilikuwa imenificha udhaifu huu, kwa sababu kina chake kilikuwa kikubwa na uzembe wangu uliweza kulala humo bila kuonekana.

Basi nikaanza kujifunza kufokasi upya, kama mtu anayejifunza kushika kalamu. Kosa la kwanza lilikuwa namna ya fokasi. Kamera yangu ilikuwa kwenye ile namna inayofokasi mara moja na kujifunga, ambayo inafaa kwa bibi harusi aliyesimama, lakini kwa mchezaji ina maana kwamba lenzi imekumbuka mahali alipokuwa. Namna inayotakiwa ni ile ya kufuatilia bila kukoma, ambayo Canon huiita AI Servo, na Nikon na Sony huiita AF-C. Kosa la pili lilikuwa kuiachia kamera ichague yenyewe kati ya nukta zake tisa za kufokasi. Kamera iliyoachiwa uhuru hupenda kitu kilicho karibu zaidi au chenye mistari iliyokolea zaidi, na ukumbini vitu hivyo ni wavu, tangazo la ukutani, na shati la mwamuzi. Nilichagua nukta ya katikati peke yake. Kwenye 1200D hiyo ndiyo nukta pekee inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja, na katika mwanga hafifu tofauti yake na zile za pembeni ilikuwa kama tofauti ya mtu anayeona na anayepapasa.

Nukta hiyo nayo lazima ielekezwe mahali penye kitu cha kusoma. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiilenga kifuani, na kwa timu moja ilikubali huku kwa timu nyingine ikitangatanga mbele na nyuma. Nilikuja kugundua kwamba timu ya pili ilivaa jezi ya buluu isiyo na nakshi yoyote upande wa juu, na nukta yangu ilikuwa inaangukia kwenye kitambaa kitupu kati ya kola na namba. Kamera haioni mtu; inaona tofauti ya mwanga na kivuli. Nilipohamisha shabaha yangu hadi kwenye ukingo wa namba, pale nyeupe inapokutana na buluu, kutangatanga kuliisha karibu kabisa. Uso ungekuwa bora zaidi, lakini uso ni mdogo, unageuka kila mara, na mimi si mlenga shabaha wa jeshini.

Nilijifunza pia kutenganisha vidole. Kwa kawaida kitufe kimoja hufanya kazi mbili: kikibonyezwa nusu kinafokasi, kikibonyezwa chote kinapiga. Niliingia kwenye menyu nikakipa kitufe cha nyota, kilicho nyuma ya kamera, kazi ya kufokasi, na kile cha juu kikabaki na kazi ya kupiga tu. Juma la kwanza nilipiga mechi nzima nikisahau kubonyeza cha nyuma, na sitaeleza matokeo yake. Baada ya hapo kidole gumba kilizoea. Mwamuzi akikatiza mbele yangu, nakiachia kitufe cha nyuma kwa muda ule anaopita, fokasi inabaki ilipokuwa, kisha nakishika tena. Mchezaji akisimama kwenye mstari wa mitupo huru, nafokasi mara moja, naondoa gumba, nasubiri mpira utoke mkononi.

Sasa nirudi kwenye faili la "sijui". Humo kulikuwa na picha ambazo hakuna kitu kilichokuwa kikali ndani yake, wala hakuna kilichovutika. Zote zilikuwa na utando, na taa za juu zilionekana zimezungukwa na duara la mwanga kama mwezi wakati wa masika. Nilizilaumu taa, nikailaumu kamera. Nilipozipanga kwa saa zilimopigwa, nikaona kwamba nyingi zilikuwa za dakika ishirini za mwanzo wa mechi, na hapo nikakumbuka kwamba siku za kazi nilikuwa natoka ofisini kwenye kiyoyozi na kuingia moja kwa moja kwenye ukumbi wenye joto la jioni ya pwani na mashabiki mia tatu wanaotokwa na jasho. Lenzi ilikuwa baridi, hewa ilikuwa na unyevu, na kioo kilikuwa kinapata umande kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Tangu siku hiyo kamera yangu huwahi kuliko mimi: naifunga ndani ya mfuko wa plastiki, natoa mfuko huo kwenye kiyoyozi saa moja kabla, na siufungui hadi vitu vya ndani vipate joto la nje.

Lakini baadhi ya picha zilikuwa za robo ya tatu na ya nne, na umande haukai hivyo. Hizo ndizo zilizonipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, mzee ambaye meza yake ina upana wa sinia na juu yake kuna bisibisi nyembamba kama sindano. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama. Lenzi yako inakaa wapi nyumbani?" Nilimwambia kabatini, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Hakujibu. Aliwasha tochi ndogo, akaiingiza nyuma ya lenzi, akanisogezea nichungulie upande wa mbele. Ndani ya kioo, karibu na ukingo, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizosambaa kama mizizi ya mche wa mahindi, nyembamba sana, zikielekea katikati. Kuvu. Lenzi ya mtumba niliyoinunua kwa furaha ilikuwa imekuja nayo, au niliilea mwenyewe kwenye ule mfuko wa ngozi unaoshika unyevu; mzee alisema hakuna haja ya kuuliza mtoto wa nani. Aliisafisha kwa siku mbili. Sasa lenzi zangu hukaa ndani ya chombo cha plastiki cha jikoni chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu ambavyo huja ndani ya maboksi ya viatu, na kila baada ya muda navibadilisha. Ninayeishi Dar nimelazimika kuamini kwamba uhifadhi wa kioo ni sehemu ya fokasi. Mtu wa Arusha pengine atanicheka.

Suala la taa nitalipitia haraka, kwa sababu si fokasi ingawa huchanganywa nayo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kumbi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila macho kutambua. Shata ya 1/800 hukamata kipande kimoja tu cha kupanda na kushuka huko, ndiyo maana katika picha tatu zilizofuatana ya kwanza huwa nyeupe, ya pili ya manjano na ya tatu nyeusi. Ile nyeusi nikiinyanyua kwenye kompyuta, chenga hujitokeza na kula nywele na kope, na mtu asiyejua husema haikufokasiwa. Kushusha spidi hadi 1/100 huondoa tatizo hilo na kurudisha lile la moshi. Nilipofanikiwa kununua Canon 7D Mark II, ambayo ilitoka mwaka 2014 ikiwa na uwezo wa kuvizia taa na kupiga pale zinapofika kileleni, tatizo hilo lilipungua sana, ingawa kamera huchelewa kidogo kabla ya kufyatua, na kuchelewa huko lazima ukuzoee.

Kamera hiyo ya pili ilinipa pia funzo ambalo lilinichukua siku moja badala ya mwaka, kwa kuwa sasa nilijua kusoma. Picha za kwanza zilikuwa na kasoro isiyobadilika: kila aliyelengwa alikuwa laini kidogo, na sakafu iliyo nyuma yake kidogo ilikuwa kali, mechi nzima, kwa umbali wowote. Kosa la mkono hubadilikabadilika. Kosa la namna hii ni la kamera na lenzi kutoelewana. Katika timu ya wavulana kuna senta mmoja mrefu ambaye wenzake wanamwita Hasheem, kama wanavyoitwa vijana wote warefu mtaani kwetu tangu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009. Nilimwomba asimame kwenye mstari wa mitupo huru baada ya mazoezi, nikalaza utepe wa fundi cherehani sakafuni kutoka mbele ya viatu vyake hadi nyuma, nikalenga ncha ya kiatu na kupiga. Namba kali kwenye utepe zilikuwa sentimita kadhaa nyuma ya kiatu. Kwenye menyu ya kamera mna marekebisho madogo ya fokasi kwa kila lenzi. Nilisogeza hatua mbilimbili hadi namba iliyo kali ikalingana na kiatu. Hasheem alisimama dakika kumi na tano bila kulalamika, kisha akaniomba picha ya kuweka kwenye wasifu wake. Wenye kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani hawahitaji zoezi hili, kwani hufokasi kwa kutumia sensa ileile inayopiga picha.

Lililobaki lote lilikuwa la mchezo wenyewe, na hapo mwalimu wangu alikuwa mdogo wangu. Nilikuwa na tabia ya kuinua kamera mpira unapofika kikapuni, nikibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, nikitarajia lenzi itoke ilikolala na kumpata mtu aliye angani. Alinieleza kwamba leyapu haianzi angani. "Inaanzia pale ninapoangalia kushoto ili niende kulia," alisema. Nikaanza kumshika kwa fokasi tangu anapovuka mstari wa katikati, gumba likiwa kitufeni, bila kupiga, nikimfuata kama mtu anayefuata kidole kwenye msahafu, ili lenzi ijue mwendo wake kabla ya ile hatua ya mwisho. Kamera inayofuatilia hukisia mahali mtu atakapokuwa kwa kuangalia alikotoka, na kama hukuipa cha kuangalia haina cha kukisia. Nilibadilisha pia mahali pa kukaa. Chini ya kikapu kabisa wachezaji hunijia wakiwa wamefichwa na migongo ya mabeki, na kasi yao ya kunijia ni mbaya kwa fokasi. Nikikaa sakafuni nyuma ya mstari wa mwisho, katikati ya nguzo na kona, wanapita mbele yangu kwa mshazari, nyuso zimeinuliwa kuelekea ringi, na mwanga wa juu unaingia machoni mwao.

Kwa mipira ya kurudi nina njia nyingine ya kizamani. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni na haijawahi kuhama. Nafokasi kwenye ukingo wake wa mbele, naondoa gumba, nafunga tundu kidogo hadi f/2.8 na kukubali ISO ipande, kisha nangoja mikono ije yenyewe. Picha nyingi hutupwa. Zinazobaki zina vidole vilivyotanuka na mpira uliobonyea kidogo kwenye chuma.

Mwaka 2023 nilipanda basi kupitia Rusumo kwenda Kigali kutazama fainali za Ligi ya Kikapu ya Afrika katika BK Arena, mwezi ambao Al Ahly ya Misri ilitwaa ubingwa. Niliketi jukwaani kama shabiki, bila kamera ya maana, na nusu ya muda sikuwa natazama mpira bali wapiga picha waliokaa sakafuni. Mwanga wa televisheni ulikuwa mwingi na ulio sawa kila pembe, na nilikiri kwa wivu kwamba nusu ya matatizo yangu yasingezaliwa humo. Lakini niliona jambo jingine: kamera zao zilikuwa usoni muda mrefu kabla ya kusikika mlio wa shata. Walikuwa wanamfuata mtu kutoka mbali, kimya, na mara nyingi waliishusha kamera bila kupiga hata picha moja.

Msimu uliofuata, katika ukumbi uleule wa nyumbani, mdogo wangu alichukua mpira nusu ya uwanja, akaangalia kushoto, akaenda kulia. Nilikuwa naye tangu mstari wa katikati. Nukta ilikuwa juu ya ukingo wa namba yake, mwamuzi alikatiza na gumba likamwachia apite, nikamshika tena, akaruka, nikapiga tatu. Usiku nilipoikuza ile ya pili, kope zake zilihesabika, jasho lilikuwa limesimama kwenye paji la uso kama shanga, na mshono wa kola ya jezi ulionekana uzi kwa uzi. Mwamuzi alikuwa nyuma huko, doa la kijivu lisilo na sura. Nilimwita aje aone. Akaitazama kwa muda mrefu, akaikuza mwenyewe, akarudisha, kisha akaniuliza kama nimekwisha kuituma kwenye kundi la timu. Nikamwambia bado. "Basi usiitume, dada," alisema. "Ile haikuingia."